Ada ya mkazi na ada ya asiye mkazi katika vyuo vikuu vya umma vya Marekani

Ada ya mkazi na ada ya asiye mkazi ni viwango viwili vya ada (karo) ambavyo karibu kila chuo kikuu cha umma nchini Marekani hutoza kwa masomo yale yale. Kiwango cha chini hulipwa na mwanafunzi anayehesabiwa kisheria kuwa mkazi wa jimbo lenye chuo hicho. Kiwango cha juu hulipwa na wengine wote, wawe raia wa Marekani waliotoka jimbo la jirani au wageni kutoka nchi nyingine. Wote huketi katika ukumbi mmoja, husikiliza mhadhara mmoja na hutunukiwa shahada moja.

Kwa mwaka wa masomo 2024-2025, taasisi ya College Board ilitaja wastani wa ada katika vyuo vya umma vya miaka minne kuwa dola 11,610 kwa mkazi na dola 30,780 kwa asiye mkazi. Tofauti ni dola 19,170 kwa mwaka, yaani dola 76,680 kwa miaka minne kama ada isingepanda. Kwa familia ya kipato cha kati uamuzi wa kubaki katika jimbo au kutoka unaweza kuwa ndio uamuzi mkubwa wa fedha baada ya kununua nyumba, na kwa kawaida hufanywa na kijana wa miaka 17 au 18.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangazwa na mpango huu. Nchini Tanzania raia hatozwi ada tofauti katika chuo cha umma kwa sababu ametoka Kigoma badala ya Morogoro, wala nchini Kenya kwa sababu ya kaunti alikozaliwa. Nchini Marekani "umma" unaomiliki chuo kikuu ni watu wa jimbo, si watu wa taifa zima.

Asili ya tofauti

Katiba ya Marekani haitaji elimu, na Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yanayaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo serikali kuu haikupewa. Kwa sababu hiyo, ukiacha vyuo vya kijeshi kama West Point na vingine vichache, serikali kuu haiendeshi vyuo vikuu. Georgia ilitoa hati ya kuanzisha chuo kikuu chake mwaka 1785, na Chuo Kikuu cha North Carolina kilianza kufundisha mwaka 1795.

Msukumo mkubwa ulikuja na Sheria ya Morrill ya mwaka 1862, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Serikali kuu iliyapa majimbo ardhi ili mapato yake yaanzishe au yategemeze vyuo vya kilimo na ufundi kwa watoto wa wakulima na mafundi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji asilia wa bara hilo, jambo ambalo vyuo vyenyewe vimeanza kulizungumzia waziwazi miaka ya karibuni. Sheria ya pili ya mwaka 1890 iliyataka majimbo yaliyobagua watu weusi ama yawapokee katika vyuo hivyo ama yawaanzishie vyao.

Baada ya kuanzishwa, vyuo vilitegemea bajeti ya bunge la jimbo, na bajeti hiyo ilitokana na kodi za wakazi. Hapo ndipo inapopatikana hoja ya viwango viwili: mzazi aliyelipa kodi ya mauzo, ya mapato au ya nyumba amekwisha kulipa sehemu ya ada ya mtoto wake, na mtoto wa jimbo lingine alipe gharama inayokaribia ile halisi. Jimbo pia hutumaini kwamba kijana aliyesomea nyumbani atafanya kazi nyumbani na kulipa kodi huko.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haikamiliki. Familia iliyohamia jimboni miaka miwili iliyopita hulipa sawa na iliyokaa huko vizazi vitatu, na familia iliyolipa kodi jimboni kwa miaka thelathini ikahama mwaka mmoja kabla ya mtoto kumaliza sekondari inaweza kujikuta inalipa ya mgeni. Aidha vyuo hivi hupokea pia fedha nyingi za utafiti kutoka serikali kuu, ambazo hutoka kwa walipa kodi wa majimbo yote. Sheria hupima ukazi wa sasa. Historia ya kodi haipimwi.

Mgogoro wa uchumi ulioanza mwaka 2008 ulibadili uhusiano huu. Majimbo mengi yalipunguza ruzuku kwa vyuo, na vyuo vikaanza kuwatafuta wasio wakazi kwa bidii kama chanzo cha mapato. Maofisa wa udahili walitumwa kwenye sekondari za majimbo ya mbali, hasa Illinois, New Jersey na California, ambako vijana wengi hutoka kwenda kusoma kwingine. Hivyo ada ya asiye mkazi, iliyobuniwa kama uzio wa kulinda fedha za jimbo, ikageuka kuwa biashara inayosaidia kulipia masomo ya wakazi wenyewe.

Nani huhesabiwa kuwa mkazi

Kila jimbo lina sheria yake, na wakati mwingine kila mfumo wa vyuo una kanuni zake. Hata hivyo kanuni nyingi zina mifupa ile ile. Kwanza, mhusika awe ameishi jimboni kwa muda fulani kabla ya muhula kuanza. Mara nyingi ni miezi 12. Pili, awe na nia ya kulifanya jimbo hilo makao yake ya kudumu. Tatu, awe amekuja kwa sababu nyingine isiyokuwa masomo.

Sharti la tatu ndilo linalowakwaza wengi. Mwanafunzi anayehamia jimbo jipya kuanza chuo, akapanga chumba, akabadilisha leseni ya udereva na kujiandikisha kupiga kura, huwa anadhani kwamba mwaka wa pili atalipa kama mkazi. Katika majimbo mengi jibu ni hapana, kwa kuwa muda aliokaa akiwa mwanafunzi wa wakati wote huhesabiwa kuwa muda wa masomo tu. Zaidi ya hayo, kijana anayetegemea wazazi hufuata ukazi wa wazazi wake, si wake mwenyewe. Kupanga bajeti ya miaka minne kwa matumaini ya kubadilishiwa daraja baada ya mwaka mmoja ni kosa linalogharimu sana.

Ushahidi unaodaiwa ni wa karatasi: marejesho ya kodi ya mapato ya jimbo, mkataba wa nyumba, usajili wa gari, leseni, kadi ya mpiga kura, barua ya mwajiri. Hakuna karatasi moja inayotosha peke yake, na chuo huangalia kama zote zinaelekea upande mmoja. Mzazi anayedai kuwa mkazi wa Virginia huku akilipa kodi ya mapato Maryland hatafika mbali. Wazazi walioachana na kuishi majimbo tofauti huleta maswali ya ziada. Majimbo mengine hutazama mzazi anayeishi na mtoto, mengine humruhusu mtoto kufuata yeyote kati ya wawili.

Mahakama ya Juu ya Marekani imeyapa majimbo nafasi pana lakini si isiyo na mipaka. Mwaka 1971, katika kesi ya Starns dhidi ya Malkerson iliyotoka Minnesota, ilikubali sharti la kungoja mwaka mmoja. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, ilibatilisha sheria ya Connecticut iliyomhesabu mwanafunzi kuwa mgeni kwa muda wote wa masomo kwa sababu tu anwani yake ilikuwa nje ya jimbo alipoomba nafasi. Mmoja wa waliofungua kesi alikuwa ameolewa na mkazi wa Connecticut na kuhamia huko, lakini sheria haikumpa nafasi yoyote ya kuthibitisha kwamba sasa huko ndiko kwao. Mahakama ilisema jimbo linaweza kudai ukazi wa kweli, ila haliwezi kumfungia mtu mlango wa kuuthibitisha.

Askari walio kazini na familia zao wana ulinzi wa sheria ya serikali kuu ya mwaka 2008: hulipa ada ya mkazi katika jimbo walikopangiwa kituo. Sheria ya mwaka 2014 ilipanua jambo hilo kwa maveterani wanaotumia mafao yao ya elimu.

Bei iliyotangazwa na bei inayolipwa

Takwimu zilizotajwa juu ni za bei iliyotangazwa. Wanafunzi wengi hawalipi bei hiyo, na hapa ndipo ulinganisho wa haraka unapopotosha, mara kwa kuifanya njia ya nje ionekane ghali kuliko ilivyo, mara kwa kuificha gharama yake.

Ada ni sehemu tu ya gharama. Malazi na chakula katika vyuo vya umma vya miaka minne vilikuwa na wastani wa dola 13,310 kwa mwaka 2024-2025, na kiasi hicho hakitofautishi mkazi na mgeni. Mkazi anayeweza kulala kwa wazazi hukiepuka kwa sehemu kubwa, mgeni hawezi. Mgeni huongeza pia nauli za likizo. Kwa hiyo pengo kati ya "kusomea nyumbani" kwa maana halisi na kusomea jimbo la mbali ni kubwa kuliko pengo la ada.

Kwa upande mwingine kuna punguzo. Baadhi ya vyuo vya umma hutoa ufadhili mkubwa kwa wageni wenye alama nzuri, hata ada ikashuka ikakaribia ya mkazi wa kwao. Chuo Kikuu cha Alabama kinajulikana sana kwa hilo: kilichapisha vigezo vya alama za sekondari na za mtihani wa kujiunga, na aliyevifikia alijua mapema atapata kiasi gani. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wanatoka nje ya Alabama. Ufadhili wa namna hii huwa na masharti, kwa kawaida wastani fulani wa alama kila mwaka. Anayeshuka chini ya wastani huo mwaka wa pili hurudishiwa bei kamili akiwa mbali na nyumbani, na kuhama chuo wakati huo kunaweza kumpotezea baadhi ya kozi alizokwisha kufaulu.

Vyuo vyenye waombaji wengi kupita nafasi havina haja ya kushawishi. Chuo Kikuu cha Michigan huko Ann Arbor kilitoza mwaka 2024-2025 karibu dola 60,000 za ada kwa asiye mkazi wa miaka ya mwanzo, na karibu dola 18,000 kwa mkazi. Mkazi wa Michigan mwenye kipato kidogo anaweza asilipe ada kabisa kupitia mpango ulioanza mwaka 2018 kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 65,000, kiwango ambacho kimepandishwa baadaye. Mpango huo ni wa wakazi tu. Chuo Kikuu cha California nacho huongeza juu ya ada ya kawaida ada ya nyongeza kwa wasio wakazi, iliyopandishwa kutoka dola 34,200 hadi dola 37,602 kwa wanaoanza mwaka 2025.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni ruzuku za jimbo. Georgia ilianzisha mwaka 1993 ufadhili wa HOPE unaogharimiwa na bahati nasibu ya jimbo. Florida ina Bright Futures tangu 1997. New York ilianzisha Excelsior mwaka 2017. Fedha hizi hutumika katika vyuo vilivyo ndani ya jimbo. Mwanafunzi wa Georgia anayevuka mpaka kwenda Tennessee huongezewa ada na kuiacha HOPE nyuma kwa pamoja, na hesabu ya haki inapaswa kuweka hasara zote mbili.

Misaada ya serikali kuu, tofauti na hiyo, humfuata mwanafunzi popote. Ruzuku ya Pell, inayotolewa kwa wenye kipato kidogo kupitia fomu ya FAFSA, ilikuwa na kikomo cha dola 7,395 kwa mwaka 2024-2025. Kiasi hicho ni zaidi ya nusu ya wastani wa ada ya mkazi, lakini hakifiki hata robo ya ada ya asiye mkazi.

Mikopo inaonyesha uzito wa jambo hili vizuri zaidi. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa kutoka serikali kuu dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili na 7,500 katika kila mwaka unaofuata, jumla dola 27,000 kwa miaka minne. Pengo la wastani la ada peke yake kwa miaka hiyo ni dola 76,680. Kwa maneno mengine mwanafunzi hawezi kuliziba kwa mikopo yake ya serikali, na deni linalobaki huangukia wazazi au benki binafsi. Mkopo wa serikali kwa wazazi uitwao PLUS uliwaruhusu kwa miaka mingi kukopa hadi gharama yote ya chuo, na wapo waliofika umri wa kustaafu wakiwa bado wanaulipa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 iliuwekea kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa kila mtoto kwa mikopo mipya kuanzia Julai 2026. Kikomo hicho ni kidogo kuliko pengo lenyewe.

Tangu Oktoba 2011 kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kinatakiwa kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha bei halisi, ambamo familia huingiza kipato chake na kupata makadirio ya kiasi itakacholipa baada ya ruzuku. Makadirio haya ni bora kuliko bei iliyotangazwa, ingawa vikokotoo vingine hudhani kwamba anayeuliza ni mkazi, na ni lazima kusoma swali hilo kwa makini. Barua ya msaada inayokuja baada ya kukubaliwa nayo husomwa kwa tahadhari: vyuo vingine huorodhesha mikopo pamoja na ruzuku katika safu moja, kana kwamba deni ni zawadi.

Nafasi za kuingia

Wabunge wa majimbo husikia malalamiko ya wapiga kura ambao watoto wao wamekataliwa na chuo cha jimbo huku watoto wa wageni wakipokelewa. Kwa hiyo baadhi ya majimbo yameweka vikomo. Mfumo wa North Carolina uliweka mwaka 1986 kikomo cha asilimia 18 kwa wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza kutoka nje, na chuo cha Chapel Hill kimekuwa kikifanya kazi chini ya kikomo hicho. Texas ilipitisha mwaka 1997 sheria ya kuwahakikishia nafasi wahitimu walio katika asilimia 10 ya juu ya sekondari yao. Chuo cha Austin kiliruhusiwa baadaye kupunguza kiwango hicho kwa sababu ya wingi wao, na wakati huohuo kikatakiwa kutopokea zaidi ya asilimia 10 ya wanafunzi wapya kutoka nje ya Texas.

California ilipitia mvutano mkali zaidi. Mwezi Machi 2016 mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti iliyosema kwamba Chuo Kikuu cha California kilikuwa kimelegeza vigezo kwa wasio wakazi na kuwadhuru wakazi. Uongozi wa chuo uliipinga, ukisema fedha za wageni ndizo zilizoiwezesha kuwapokea wakazi zaidi wakati jimbo limepunguza ruzuku. Mwaka uliofuata bodi yake ilipitisha kikomo cha asilimia 18, isipokuwa kwa Berkeley, Los Angeles, San Diego na Irvine, ambako uwiano uliokuwepo uliachwa usipande. Mwaka 2021 bunge la jimbo liliamua kulipa fedha za kufidia ili kampasi za Berkeley, Los Angeles na San Diego zishushe polepole idadi hiyo na kuwapa wakazi viti hivyo.

Kwa mwombaji maana yake ni kwamba chuo cha umma chenye sifa kubwa mara nyingi ni kigumu zaidi kuingia kwa mgeni kuliko kwa mkazi, mbali na kuwa ghali zaidi kwake. Vermont ni kinyume chake: jimbo lina watu wachache, na chuo kikuu chake hutegemea wageni, ambao ndio wengi.

Njia za kupunguza pengo

Majimbo yamefanya mapatano ya kikanda. Katika magharibi, mpango wa Western Undergraduate Exchange humruhusu mwanafunzi wa jimbo mwanachama kusoma katika chuo kinachoshiriki kwa ada isiyozidi asilimia 150 ya ada ya mkazi. Majimbo ya katikati ya magharibi yana mpango wenye kikomo kama hicho kwa vyuo vya umma. Ule wa kusini, Academic Common Market, hutoa ada kamili ya mkazi, lakini kwa fani isiyofundishwa katika jimbo la mwanafunzi. New England nayo ina mpango unaofanana na huo. Vyuo vyenye ushindani mkubwa aghalabu havishiriki, au hushiriki kwa fani chache tu, na kuna vinavyotaka maombi yatumwe kabla ya tarehe fulani. Orodha hubadilika kila mwaka.

Minnesota ina makubaliano ya pande mbili na Wisconsin, North Dakota na South Dakota, na hata na jimbo la Manitoba nchini Kanada. Huko El Paso, mpakani, chuo kikuu cha umma cha Texas hutoza ada ya mkazi raia wa Mexico wanaothibitisha uhitaji. Mji mkuu wa Washington, ambao hauko katika jimbo lolote na hauna mtandao wa vyuo kama wa majimbo, ulipatiwa na Bunge la Marekani mwaka 1999 mpango wa kuwalipia vijana wake tofauti ya ada hadi dola 10,000 kwa mwaka katika vyuo vya umma vya majimbo mengine.

Njia yenye hatari ndogo ni kuanza katika chuo cha jamii cha miaka miwili karibu na nyumbani, ambacho ada yake ilikuwa na wastani wa dola 4,050 mwaka 2024-2025, kisha kuhamia chuo kikuu cha jimbo mwaka wa tatu. Majimbo mengi yana makubaliano rasmi ya kuhamisha kozi kati ya vyuo vyake vya umma. Makubaliano hayo kwa kawaida hayavuki mpaka wa jimbo, na hii ni sababu nyingine ya kuamua mapema mwanafunzi atamalizia wapi.

Mambo yasiyo ya ada

Zipo sababu nzuri za kutoka. Fani fulani haipatikani katika kila jimbo: elimu ya bahari haina nafasi kubwa Nebraska, wala majimbo yote hayana chuo cha tiba ya mifugo. Mwanafunzi mwingine anahitaji mji wenye ajira za fani yake, au anahitaji kuwa karibu na ndugu wa kumtunza. Kwa upande wa kubaki, kuna jambo la leseni za kazi. Walimu, wauguzi na mawakili hupewa leseni na jimbo, na programu za vyuo vya jimbo hupangwa kufuata masharti ya hapo. Anayekusudia kufundisha Ohio hupata njia iliyonyooka zaidi akisomea ualimu Ohio, ingawa leseni huweza kuhamishwa kwa taratibu fulani.

Sifa ya chuo hutajwa sana katika mazungumzo ya familia, mara nyingi kwa uzito kuliko inavyostahili. Kwa mwanafunzi wa Virginia, Washington au North Carolina, chuo kikuu cha umma cha jimboni ni miongoni mwa vilivyo bora nchini, na ni vigumu kueleza kwa nini alipe mara mbili au tatu kwa chuo cha kiwango hicho hicho kwingine. Kwa kijana wa jimbo lenye vyuo vichache mizani inaweza kuelemea upande mwingine.

Wahamiaji na wanafunzi wa kigeni

Mwanafunzi anayeingia Marekani kwa viza ya masomo ya F-1 kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hutozwa katika majimbo mengi ada ya asiye mkazi kwa muda wote wa masomo, kwa kuwa viza hiyo humtaka awe na nia ya kurudi kwao. Kuishi kwa mjomba au shangazi mwenye nyumba Texas au Minnesota humpunguzia malazi, lakini hakumfanyi mkazi. Kabla ya viza ni lazima aonyeshe fedha za kutosha mwaka wa kwanza, na chuo hukokotoa kiasi hicho kwa bei ya mgeni. Wanaosomea shahada ya uzamivu wana hali nafuu zaidi, kwa sababu idara nyingi huwapa kazi ya kufundisha au utafiti inayoambatana na msamaha wa ada.

Wenye kibali cha ukazi wa kudumu, pamoja na wakimbizi waliopokelewa rasmi, wakiwemo Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili, hupimwa kwa kanuni zile zile za muda na makao kama raia. Wamekuwa pia wakihesabiwa miongoni mwa wanaostahili misaada ya serikali kuu. Familia ya namna hii inayofikiria kuhama jimbo kwa ajili ya kazi mtoto akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari ina sababu ya kuangalia kalenda, maana inaweza kupoteza ukazi wa zamani kabla ya kutimiza miezi 12 katika jimbo jipya. Watoto wa watumishi wa mashirika ya kimataifa kama Benki ya Dunia, walio na viza ya G-4, walishinda mwaka 1982 kesi ya Toll dhidi ya Moreno, ambapo Mahakama ya Juu ilisema Chuo Kikuu cha Maryland hakiwezi kuwanyima ada ya mkazi kwa sababu ya viza hiyo wakati makao yao yako Maryland.

Vijana wasio na hati za uhamiaji wako katika hali ya mashaka zaidi. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1996 inakataza jimbo kuwapa nafuu ya ada kwa msingi wa ukazi bila kuwapa raia wote wa Marekani nafuu hiyo hiyo. Texas na California zilipitisha mwaka 2001 sheria zilizotumia kigezo cha miaka ya kusoma na kuhitimu sekondari jimboni, na majimbo mengine yakafuata. Mahakama ya Juu ya California iliithibitisha ile ya California mwaka 2010. Mwezi Juni 2025, baada ya serikali kuu kuishtaki Texas na jimbo kukubali madai bila kupinga, mahakama ya shirikisho ilizuia sheria ya Texas. Florida nayo ilifuta ya kwake mwaka huohuo. Wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo Texas walijikuta wakidaiwa ada ya asiye mkazi katika jimbo walilokulia.